Umeme kwenye utando wa seli ya mmea

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi nyote mliofika, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utando wa seli ya mmea na namna unavyopitisha vitu. Mada hii imo katika kila kitabu cha biolojia, na mwanafunzi akiulizwa utando ni nini, hujibu bila kusita kwamba ni chujio linaloruhusu baadhi ya vitu na kuzuia vingine. Jibu hilo hupata alama kwenye mtihani, lakini limeacha nje jambo kubwa kuliko yote. Chujio halili kitu. Likiwekwa kabatini mwaka mzima litatoka likiwa chujio vilevile. Utando wa seli hai unakula nishati muda wote, na ukinyimwa nishati hiyo kwa dakika chache tu, volti zilizokuwa zikivuta chakula cha mmea kutoka ardhini huporomoka. Kwa hiyo leo nitaufuata umeme huo: unatoka wapi, unafanya kazi gani, na unapokatika mmea unaonyesha dalili zipi.

Tuanze na umbo, na hapo sitakaa sana. Utando wa nje wa seli una unene wa nanometa 7 hadi 10. Hadubini ya mwanga tunayotumia darasani haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanometa 200 hivi. Basi ule mstari mnaouona wazi mkitazama ngozi ya kitunguu ni ukuta wa seli. Mchoro unaoandika "utando wa seli" kwenye mstari huo una kosa, hata kama umepewa alama zote. Utando umebanwa kwenye ukuta na shinikizo la maji yaliyo ndani ya seli, na kwa hadubini ya darasani ukingo wake huonekana pale tu seli inaponyang'anywa maji ikasinyaa. Nitairudia njia hiyo baadaye kwa vipimo.

Kiini cha utando ni tabaka mbili za fosfolipidi. Kila molekuli ina kichwa chenye fosfati kinachopenda maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakimbia maji, mingi ikiwa na kaboni 16 au 18. Molekuli hizi zikiwa majini hujipanga zenyewe: vichwa vinatazama maji pande zote mbili, mikia inafichwa katikati. Evert Gorter na François Grendel walipendekeza mpangilio huu mwaka 1925 baada ya kupima lipidi za chembe nyekundu za damu. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza jinsi protini zinavyokaa humo: nyingine zimeupenya utando kutoka upande hadi upande, nyingine zimejishikiza juu yake tu, na lipidi zenyewe hutembea pembeni kama kimiminika. Mimea ina steroli zake, hasa sitosteroli, stigmasteroli na kampesteroli, ambazo huzuia utando usilegee mno kukiwa na joto wala kukakamaa mno kukiwa na baridi. Kwa uzito, protini hufikia karibu nusu ya utando wote, na hizo ndizo zenye kazi nyingi tutakazozitaja.

Tujiulize sasa: tabaka hilo la mafuta likiachwa peke yake, bila protini, lingepitisha nini? Oksijeni na kaboni dioksidi hupita bila taabu. Maji hupita kidogo kidogo. Sukari karibu haipiti. Ioni, yaani chembe zenye chaji kama potasiamu na nitrati, hazipiti kwa kiasi chochote cha maana, kwa sababu kuitoa ioni kwenye maji na kuiingiza kwenye mafuta kunahitaji nishati nyingi mno. Ugumu huu wa lipidi ndio unaowezesha umeme kuwepo. Ioni zingekuwa zinajipitia zitakavyo, hakuna tofauti ya chaji ambayo ingedumu kati ya ndani na nje.

Umeme huo hutengenezwa na pampu ya protoni. Pampu yenyewe ni protini moja iliyopenya utando mara kumi. Huchukua ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huivunja, na kwa kila ATP moja husukuma protoni moja, yaani ioni moja ya hidrojeni, kwenda nje. Mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, nje panakuwa na asidi zaidi: maji yaliyo kwenye ukuta wa seli huwa na pH ya 5 hadi 6, ilhali sitoplazimu hubaki kwenye 7.2 au zaidi kidogo. Pili, kwa kuwa chaji chanya zinatolewa, ndani panabaki hasi, kwa kawaida milivoti 120 hadi 200 chini ya nje. Milivoti 120 zaweza kuonekana haba. Zigawanye kwa unene wa nanometa 8, utapata uga wa umeme wa volti milioni 15 kwa meta. Protini yoyote iliyomo ndani ya utando inaishi ndani ya uga huo.

Mnyama hana mpango huu kwenye utando wake wa nje. Seli zake huendeshwa na pampu inayobadilishana sodiamu na potasiamu, ambayo mimea inayotoa maua haina kabisa. Mwalimu anayefundisha pampu ya sodiamu halafu akasema "na mimea ni hivyohivyo" amekosea. Sarafu ya mmea ni protoni. Wazo la kwamba tofauti ya protoni pande mbili za utando linaweza kuwa akiba ya nishati lilitolewa na Peter Mitchell mwaka 1961, akizungumzia mitokondria na kloroplasti, na likampatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Kwenye utando wa nje wa mmea kanuni ni ileile, ila hapa mzunguko umegeuzwa: ATP inatumika kujenga tofauti, na tofauti inatumika kubeba mizigo.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu maneno haya hubaki hewani. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, kila milivoti 59 zinaweza kushikilia tofauti ya mara kumi ya ukolezi kwa ioni yenye chaji moja. Mwaka 1967 Noe Higinbotham na wenzake walipima mizizi ya njegere iliyokuwa kwenye mmumunyo wa virutubisho. Volti ya ndani ilikuwa hasi milivoti 110. Nje kulikuwa na potasiamu milimoli 1 kwa lita. Volti hiyo peke yake inatabiri milimoli 74 ndani, walikuta 75. Maana yake potasiamu ilikuwa imejiingilia hadi ikafikia mizani, bila kibebaji chochote, yaani protini ya kubeba mzigo, kuilipia. Kilicholipiwa ni volti.

Sasa tazameni sodiamu kwenye vipimo vilevile. Nje ilikuwa milimoli 1 pia, chaji yake ni moja pia, kwa hiyo utabiri ni uleule wa 74. Walikuta 8. Basi kuna kitu kinachoitupa sodiamu nje au kuizuia isiingie. Kalsiamu ndiyo inayoshangaza zaidi: kwa kuwa ina chaji mbili, volti ingeiruhusu ifike zaidi ya milimoli 5,000 kwa lita, nayo ilikuwa 2 tu. Nitrati ni kinyume cha hayo yote. Ni chaji hasi, na ndani ni hasi, kwa hiyo umeme unaifukuza. Nje ikiwa milimoli 2, ndani ilipaswa kuwa 0.027. Walikuta 28, mara elfu moja ya utabiri.

Ningependa jedwali la vipimo hivi lifundishwe kabla ya msamiati wote wa usafirishaji. Mwanafunzi akishaiona nitrati ya 28 mahali pa 0.027, ataelewa mwenyewe kwa nini lazima pawe na usafirishaji unaotumia nishati. Akipewa kwanza ufafanuzi wa kukariri, ataukariri kweli.

Nitrati huingiaje, basi? Hupanda pamoja na protoni. Kibebaji chake huchukua protoni mbili kwa kila nitrati moja, na idadi hiyo ina sababu. Ingekuwa protoni moja, chaji chanya na hasi zingefutana, na volti isingesaidia lolote. Zikiwa mbili, mzigo wote unabaki na chaji chanya moja, na ule umeme uliokuwa ukiifukuza nitrati sasa unauvuta ndani mzigo mzima. Ukiweka elektrodi nyembamba ndani ya seli ya mzizi kisha ukamwaga nitrati nje, utaona volti ikipungua kwa muda, dalili kwamba chaji chanya zinaingia. Ndiyo maana pia mmea unaolishwa nitrati huelekea kupandisha pH ya maji yanayozunguka mizizi, na unaolishwa amonia huishusha. Wanaootesha mimea kwenye maji bila udongo wanalijua hili vizuri: wakipuuza kupima pH kila siku, chuma huganda kwenye mmumunyo na majani machanga hugeuka njano, ingawa chuma kimo kwenye ndoo.

Sukrosi haina chaji, hivyo kwake protoni moja inatosha. Chukua volti ya milivoti 150, ongeza tofauti ya pH ya 1.7, ambayo ni sawa na milivoti 100, jumla 250. Nguvu hiyo ya protoni moja ingeweza, kinadharia, kulimbikiza sukrosi zaidi ya mara elfu kumi. Mmea hauhitaji kiasi chote hicho, lakini unahitaji kingi: utomvu wa floemu, mirija inayosafirisha sukari, mara nyingi una sukrosi ya moli 0.3 hadi 0.9 kwa lita, ilhali kwenye nafasi ya ukuta wa seli jirani mna kidogo sana. Katika mimea mingi sukrosi hutolewa kwenye seli za jani na protini za kundi la SWEET, zilizotambuliwa mwaka 2010, ambazo huiacha tu itiririke kufuata ukolezi wake. Kisha vibebaji vya protoni huiokota na kuiingiza kwenye floemu.

Potasiamu nayo ina mpaka wake. Nimesema haihitaji kibebaji pale nje palipo na milimoli 1; mfereji, yaani tundu la protini, unatosha. Udongo ukiwa maskini, ukolezi ukashuka hadi milimoli 0.01, kushikilia milimoli 100 ndani kungetaka milivoti 236, na pampu kwa kawaida haifiki hapo. Mzizi hubadilisha njia: huongeza kibebaji kiitwacho HAK5, kinachoipandisha potasiamu pamoja na protoni, badala ya kutegemea mfereji wa AKT1 peke yake.

Nimetaja mifereji na vibebaji kana kwamba tofauti zao zinajulikana. Mfereji ni tundu lenye mlango: ukifunguka, ioni hupita hadi milioni 100 kwa sekunde, lakini daima kwa kufuata mteremko wa umeme na ukolezi. Kibebaji hushika mzigo, hubadili umbo, huuachia upande wa pili. Hupitisha kama 100 hadi 1,000 kwa sekunde. Pampu iko kwenye mamia au chini ya hapo. Kwa sababu pampu ni ya polepole, seli hulazimika kuwa nazo nyingi mno. Na kwa sababu kibebaji kina mahali maalumu pa kushikia, hujaa. Emanuel Epstein na C. E. Hagen walionyesha mwaka 1952, kwa mizizi ya shayiri, kwamba ufyonzaji wa ioni hufuata mchoro uleule wa kimeng'enya: ukiongeza ukolezi kasi hupanda, kisha mstari hulala. Hapo ndipo mbolea ya ziada inapoacha kuongeza kasi ya vibebaji hivyo.

Sasa maji. Maji hayana pampu. Kila tone linaloingia kwenye seli limefuata potensheli ya maji, ambayo ni jumla ya athari ya vitu vilivyoyeyuka, inayoishusha, na shinikizo la ukuta, linaloipandisha. Seli yenye vitu vilivyoyeyuka moli 0.3 kwa lita, kwenye nyuzi 20, ina hasi megapaskali 0.73 kutokana na vitu hivyo. Iweke kwenye maji safi. Itaendelea kunywa hadi shinikizo la ndani lifike chanya 0.73, karibu mara saba ya shinikizo la hewa. Hapo maji yanaingia na kutoka kwa kasi sawa. Ukuta ndio unaozuia utando usipasuke. Lipidi peke yake zisingehimili hata sehemu ndogo ya mkazo huo.

Njia kuu ya haraka ya maji ni protini ziitwazo akwaporini. Peter Agre alitambua kazi yake kwenye chembe nyekundu za damu mwaka 1992, na mwaka 2003 alipata Nobel ya Kemia pamoja na Roderick MacKinnon, aliyefumbua umbo la mifereji ya ioni. Tundu la akwaporini ni jembamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita moja moja kwa mstari, na limepangwa hivi kwamba protoni haziwezi kurukia humo. Hilo ni jambo la lazima: akwaporini ingevujisha protoni, kazi yote ya pampu ingekuwa bure.

Akwaporini zinaeleza kisa kinachowachanganya wengi, cha mmea kunyauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Udongo uliojaa maji unakosa oksijeni. Mizizi haipumui vizuri, ATP inashuka, pampu za protoni zinalegea, na sitoplazimu inaanza kuwa na asidi. Akwaporini za utando wa nje zina asidi amino ya histidini upande wa ndani. Asidi ikizidi, histidini hiyo hushika protoni, na mlango hufungwa. Maji yapo tele nje, ila mzizi umefunga. Majani yanaendelea kupoteza maji, na mmea unalala. Kumwagilia zaidi kwa sababu majani yamenyauka ni kuuongezea ugonjwa uleule.

Kuna njia nyingine ya kuunyausha mmea, ya kinyume, nayo inaonyesha jinsi pampu inavyoweza kudhuru ikiachiwa. Kuvu mmoja anayeshambulia miti ya lozi na pichi hutoa sumu iitwayo fusikoksini. Kwa kawaida mkia wa pampu hujikunja na kuizuia isifanye kazi kupita kiasi. Sumu hii huubana mkia huo mahali pa kuiacha pampu wazi. Kwenye seli linzi za stomata, yaani zinazozunguka matundu ya jani, pampu ikikaza kazi volti huwa hasi zaidi, potasiamu huingia, maji hufuata, seli huvimba na tundu hufunguka. Kwa fusikoksini tundu halifungi tena, hata maji yakiadimika, na jani hukauka.

Hadi sasa nimezungumza kuhusu utando wa nje tu. Seli ya mmea iliyokomaa ina utando wa pili mkubwa, tonoplasti, unaozunguka vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli, inayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 80 ya nafasi yote. Huko kuna pampu mbili za protoni, moja ya ATP na nyingine ya pirofosfati, zote zikisukuma protoni kuingia vakuoli. pH ya humo huwa karibu 5.5, na kwenye limau hushuka hadi karibu 2.5. Sodiamu iliyopenya hadi ndani huhifadhiwa humo na vibebaji vinavyoibadilisha na protoni, mbali na vimeng'enya inavyovidhuru. Ile iliyoko karibu na utando wa nje hutupwa nje na kibebaji kingine, SOS1, kwa malipo yaleyale ya protoni. Mmea ulio kwenye udongo wa chumvi unalipa mara mbili, kwa sababu volti inayouletea potasiamu ndiyo hiyohiyo inayouletea sodiamu. Kalsiamu pia huwekwa mbali: sitoplazimu hubaki na nanomoli 100 hadi 200 tu kwa lita, huku vakuoli na ukuta vikiwa na milimoli. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoiwezesha kalsiamu kuwa ishara. Mfereji ukifunguka kwa sekunde chache, ndani hubadilika papo hapo.

Kwa wanafunzi wa ngazi ya juu, nawaachia mfano wa oksini, homoni ya ukuaji wa mmea. Asidi hii ina pKa, yaani pH ambayo nusu yake haina chaji, ya karibu 4.75. Kwenye ukuta wenye pH 5.5, kiasi cha asilimia 15 hakina chaji, na hupenya lipidi bila msaada. Ikifika kwenye pH 7.2 chini ya asilimia 0.4 ndiyo hubaki bila chaji, iliyosalia imenaswa. Hutoka tu pale kwenye protini za PIN, zinazoibeba kwenda nje, na kwa kuwa PIN nyingi zimepangwa upande mmoja wa seli, oksini huenda upande mmoja. Mawazo haya yaliandikwa na Rubery na Sheldrake mwaka 1974 na Raven mwaka 1975, kabla PIN hazijajulikana.

Je, kila kitu kinachofika kwenye zilemu, mirija inayopandisha maji, kimepita kwenye utando? Karibu chote, na anayelazimisha hivyo ni endodemi, tabaka la seli ndani ya mzizi. Maji na ioni vinaweza kusafiri muda mrefu ndani ya kuta za seli bila kuvuka utando wowote, hadi vifike kwenye ukanda wa Caspari, uliopewa jina la Robert Caspary aliyeueleza mwaka 1865. Ukanda huo wa lignini huziba ukuta, na utando wa seli umeng'ang'ania hapo kwa nguvu. Ukizikausha seli za endodemi kwa mmumunyo mkali, utando hujitenga na ukuta kila mahali isipokuwa kwenye ukanda. Seli jirani pia zimeunganishwa na plasmodesmata, vijia vyenye upana wa nanometa 40 hadi 60 vilivyozungukwa na utando uleule wa nje; kitu kikishaingia seli moja chaweza kwenda ya pili bila kuvuka utando tena.

Utando unaharibika vipi? Sababu mbili nataka mzishike. Ya kwanza ni baridi. Mikia isiyo na bondi maradufu hunyooka na kubanana, na joto likishuka utando hukakamaa. Protini zake haziwezi tena kubadili umbo kwa wepesi. Mimea yenye asili ya maeneo ya joto, kama mahindi, nyanya na matango, huumia hata kabla barafu haijatokea, kwenye nyuzi zilizo juu ya sifuri lakini chini ya 10 au 12 hivi. Mimea inayozoea baridi huongeza bondi maradufu kwenye asidi zake za mafuta, lakini huchukua siku kadhaa, ndiyo maana baridi ya ghafla huua mmea ambao baridi ya polepole ingeuacha.

Ya pili ni upungufu wa kalsiamu nje ya seli. Kalsiamu hushikanisha vichwa vya fosfolipidi; ikikosekana utando huvuja. Epstein alionyesha mwaka 1961 kwamba bila kalsiamu mizizi hushindwa kuchagua potasiamu mbele ya sodiamu. Kwa kazi ya maabara, tunda la matokeo haya ni rahisi: usisuuze mizizi iliyokatwa kwa maji yaliyotolewa ioni zote. Tia kalsiamu salfeti milimoli 0.5 kwa lita. Vipimo vingi vya ufyonzaji vinavyoleta majibu ya ajabu vimeharibikia kwenye kusuuza.

Nimalizie kwa majaribio mawili, la kwanza likiwa lile nililoahidi, kwa walimu watakaoyafanya.

La kwanza ni la kitunguu chekundu. Kwa mmumunyo wa moli 1 kwa lita, pima sukari ya kawaida gramu 34.2, iyeyushe kwenye maji machache, kisha ongeza maji hadi jumla ifike mililita 100. Ukimimina mililita 100 za maji juu ya sukari, utapata zaidi ya mililita 120 na ukolezi wako wote utakuwa wa uongo. Hili ndilo kosa la kila muhula. Kutoka humo tengeneza 0.2, 0.3, 0.4, 0.5, 0.6 na 0.7. Bandua ngozi yenye rangi, vipande vya milimita 5, viloweke dakika 20, kisha hesabu seli zisizopungua 50 kwa kila kipande. Pale nusu ya seli zimeanza kujitenga na ukuta, shinikizo la ndani ni sifuri kwa wastani, na potensheli ya mmumunyo ni sawa na ya vitu vilivyomo ndani ya seli. Tumieni jedwali la sukrosi kuliko kanuni ya mkato: kwa moli 0.5 kanuni inatoa hasi megapaskali 1.22, ilhali thamani halisi ni karibu hasi 1.45. Nafasi iliyo kati ya ukuta na utando uliosinyaa imejaa mmumunyo wa sukari, kwani ukuta huupitisha. Wanafunzi wengi huandika kwamba ina hewa. Seli isiyosinyaa hata kwenye 0.7 wakati majirani zake wamesinyaa yaelekea imekufa, utando wake unavuja, nayo isihesabiwe. Ukitumia gliseroli mahali pa sukari, seli zitasinyaa kisha zitavimba tena zenyewe, kwa sababu gliseroli hupenya taratibu na maji huifuata.

La pili ni la kiazisukari chekundu, ambacho rangi yake iko ndani ya vakuoli na hivyo lazima ivuke tando mbili. Kata vipande vya duara kwa kifaa kimoja, unene milimita 3, uvisuuze hadi maji yabaki meupe, maana seli zilizokatwa na kisu zitamwaga rangi bila kuhusiana na jaribio. Viweke dakika 1 kwenye maji ya nyuzi 30, 40, 50, 60 na 70, kisha uvihamishe kwenye maji ya kawaida mililita 20 kwa dakika 20, na upime rangi kwa kolorimita, yaani kipima rangi, yenye kichujio cha kijani, karibu nanometa 530. Ongezeko kubwa hutokea kati ya 50 na 60. Msiviache kwenye maji ya moto muda wote: rangi yenyewe huharibiwa na joto, na kipande kilichochemka kinaweza kusomeka chini ya kile cha nyuzi 60, mwanafunzi akaandika kwamba utando umepona. Pasipo na kolorimita, kipima upitishaji umeme wa maji kinatosha. Pima baada ya kuloweka, kisha ua tishu zote kwa kuzichemsha, ziache zipoe hadi joto lilelile la mwanzo, pima tena, ugawanye cha kwanza kwa cha pili mara 100. Asilimia hiyo ni sehemu ya ioni ambazo utando umeshindwa kuzishika, na kipimo hiki hufaa hata kwa majani ya kijani yasiyo na rangi ya kuvuja.